Mwalimu mkuu amebadilika? Linda alama za mtoto wako kabla ya mtihani wa S4

Muhula ukianza, mtoto anaweza kurudi nyumbani na habari kwamba mwalimu mkuu amehamishwa, mwalimu wa hesabu hayupo tena, na mhasibu ni mgeni. Katika sekondari za makazi ya wakimbizi hapa Uganda, iwe Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja, mabadiliko kama haya si jambo geni. Mara nyingi hayana ubaya wowote. Lakini kama mtoto wako yuko S3 au S4, kuna kumbukumbu zake ambazo zikipotea sasa zinaweza kumkosesha cheti baadaye.

Kwa nini walimu hubadilika?

Walimu walioajiriwa na serikali huhamishwa. Kwa sekondari za serikali, uhamisho hutoka Wizara ya Elimu na Michezo. Mwalimu mkuu anaweza kuondoka bila kuwa na kosa lolote.

Walimu wengine hulipwa na mashirika kwa mkataba. Mkataba ukiisha, au fedha za mradi zikipungua, wanaondoka, hata katikati ya mwaka. Pia shule iliyoanzishwa na jamii ikichukuliwa na serikali, uongozi wake unaweza kubadilika.

Nani anashughulikia nini?

Ukitoka Kongo, umezoea kwamba mkubwa wa sekondari ni prefe. Hapa Uganda, ukiuliza prefe utaletewa mwanafunzi, kwa sababu neno hilo hutumika kwa viongozi wa wanafunzi. Mkubwa wa shule ni mwalimu mkuu. Mambo ya masomo na alama yako kwa mkuu wa taaluma, ambaye wengi humwita DOS. Karo, ile uliyokuwa ukiita minervali, iko kwa mhasibu. Juu yao kuna bodi ya shule, na ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi.

Mwalimu mkuu anapoondoka, hukabidhi shule kwa anayeingia: mali, hesabu za fedha na kumbukumbu za wanafunzi. Una haki ya kumuuliza mwakilishi wa wazazi kama makabidhiano yamefanyika.

Alama za darasani: hapa ndipo penye hatari

Mtaala mpya wa S1 hadi S4 ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE wa mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Tangu hapo matokeo hayatokani na mtihani wa mwisho peke yake. Asilimia 80 hutoka kwenye mtihani wa UNEB, na asilimia 20 hutoka kwenye kazi ambazo mwanafunzi hufanya darasani. Kazi hizo hupewa alama na mwalimu wa somo, kisha shule huzituma UNEB. Kuna pia kazi ya mradi.

Sasa fikiria mwalimu wa kemia ameondoka na daftari lake la alama. Anayekuja hawezi kuzibuni. Mwanafunzi asiye na alama hizo anaweza kukosa cheti hata kama aliingia kwenye chumba cha mtihani na kuandika vizuri. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Alama za mtoto wako ni mali.

Fanya haya sasa, usingoje muhula wa tatu:

- Mwambie mtoto aandike masomo yote ambayo mwalimu wake ameondoka.
- Nenda kwa mkuu wa taaluma, uulize kwa kila somo: alama zake zipo? Ziko wapi?
- Tunza nyumbani ripoti za kila muhula na kazi zote zilizosahihishwa, pamoja na kazi ya mradi.
- Uliza nani anafundisha somo hilo kwa sasa. Kama hakuna mtu, wazazi kadhaa waende pamoja kwa mwalimu mkuu.

Jina na usajili

Watahiniwa wa S4 husajiliwa na shule yenyewe. Aliyeanza kazi jana hamjui mtoto wako. Atafuata karatasi anazozikuta. Hakikisha jina lililo kwenye orodha ya shule linafanana na lililo kwenye karatasi zake nyingine, herufi kwa herufi. Kulirekebisha baada ya usajili kufungwa ni kazi ngumu.

Kama mtoto alimaliza shule ya msingi Kongo au Burundi na hakufanya mtihani wa PLE, muulize mwalimu mkuu mapema kuhusu kulinganisha karatasi zake na UNEB. Usidhani aliyetangulia alishamaliza shughuli hiyo.

Fedha

Wakati wa mabadiliko, matapeli hupata nafasi. Usitume karo kwenye simu ya mtu binafsi kwa sababu tu amesema ni mhasibu mpya. Lipa kwa njia iliyotangazwa na shule kwa maandishi, na utunze risiti. Risiti ya mhasibu wa zamani bado ni halali: deni lililolipwa halirudi kwa sababu ofisi imepata mtu mpya.

Sheria mpya za shule

Mwalimu mkuu mpya anaweza kubadilisha saa za kufika, sare au utaratibu wa vibali. Hawezi kurudisha kiboko. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni.

Ukikwama, uende wapi?

Anza na mkuu wa taaluma, kisha mwalimu mkuu, kisha mwakilishi wa wazazi kwenye bodi. Nenda na karatasi mkononi, na uandike tarehe pamoja na cheo cha uliyeongea naye. Isipopatikana njia, mweleze mwenyekiti wako wa RWC au piga simu ya bure ya UNHCR, 0800 323 232. Mtoto akipigwa au kudhulumiwa, piga 116, nayo ni bure.