Upapi Ndani ya Tanga

Kanga iliyoanikwa Newala, upande ule ambapo mji unachungulia bonde la Ruvuma, haitulii. Upepo wa kusi unapopanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, katikati ya kitambaa hutuna kidogo na kukaa. Pindo la chini, lisiloshikwa na chochote, hupigapiga mchana kutwa mpaka nyuzi zianze kuchomoka. Mwenye kanga ataona nguo inachakaa kabla ya wakati wake. Baharia wa Mikindani akiliangalia pindo lile lile atalifikiria tanga lake.

Jambo ni moja. Hewa inayopita pande mbili za kitambaa haikutani kwa utulivu pale kitambaa kinapoishia. Hujizungusha, hujikata katika vimbunga vidogo vidogo, na kila kimbunga hukivuta kitambaa upande wake. Mkunjo mdogo ukitokea, kanieneo ya hewa upande mmoja hupungua na upande wa pili huzidi, na tofauti hiyo huukuza mkunjo badala ya kuunyoosha. Ndiyo maana bendera haiwezi kukaa wima na bapa kwenye upepo mkali hata ikifumwa vizuri kiasi gani. Kwa bendera hilo ni pambo. Kwa tanga ni hasara mara mbili: nguvu ya kusukuma chombo inapotea, na mshono unakufa.

Washona matanga wa Ulaya waliongeza ugumu wenyewe. Tanga la pembe tatu likikatwa ukingo wa nyuma ukiwa mstari ulionyooka, linatulia kiasi. Lakini wao walitaka kitambaa zaidi kilichotokeza nje ya mstari huo, kama mgongo wa mwezi mchanga, kwa sababu eneo zaidi maana yake ni mwendo zaidi. Kitambaa hicho cha ziada hakina kamba wala mlingoti wa kukishika, na kikiachwa hivyo huanguka upande mmoja. Dawa yake ni upapi.

Mafundi wanaoezeka nyumba Masasi wanazijua papi: mbao nyembamba zinazopigiliwa juu ya kenchi ili bati lipate pa kushikilia. Papi za tanga hufanya kazi ya kindugu. Ni vijiti bapa vya mbao, plastiki au faiba, vinavyoingizwa katika mifuko mirefu iliyoshonwa kutoka ukingo wa nyuma kuelekea mlingotini. Kidau cha Optimist, kinachofundishia watoto na chenye urefu wa mita 2.3 tu, kina papi mbili. Kile cha Laser, kwa tanga lake la kawaida, kina tatu. Upapi mzuri hauna unene mmoja. Ncha ya mbele ni laini na hupinda kwa urahisi, ncha ya nyuma ni ngumu, ili tanga litune karibu na mlingoti na kunyooka kuelekea ukingoni.

Na hapo ndipo shida ilipo. Chombo kinapogeuza upande, au demani, kamba ya kukazia tanga, inapoachiwa ghafla, ukingo wa nyuma hupigwa huku na huku kama mjeledi. Upapi ulio ndani yake huwa kama jiwe kwenye kombeo: kila pigo linausukuma utoke nje. Mfuko ukiwa wazi, upapi unaruka majini na kuzama au kuelea mbali. Mfuko ukiwa umefungwa vibaya, upapi unagonga mshono wa mwisho mara mamia kwa saa. Anayekaza shoka hugonga kitako cha mpini chini; mpini husimama, chuma huendelea na safari yake. Upapi nao huendelea na safari yake tanga linaposimama, na kinachobaki kuuzuia ni mishono michache tu.

Njia za kuufunga ni nyingi, na si zote zinafaa. Ya kale ni kutoboa ncha ya nyuma na kupitisha kamba katika matundu mawili ya tanga, kisha kupiga fundo bapa. Ni rahisi, ila kamba hulika kwa msuguano, na fundo likilegea hakuna anayeliona mpaka upapi umekwenda. Velkro hushika vizuri ikiwa mpya, lakini ikijaa chumvi na mchanga meno yake hayaumi tena. Iliyo bora kwa chombo kidogo ni mfuko wenye mdomo uliofunikwa: upapi huingizwa kwa mshazari, husukumwa mbele hadi ukandamize lastiki iliyoshonwa mwisho wa mfuko, kisha ncha ya nyuma hupenyezwa chini ya kifuniko. Lastiki huurudisha nyuma, kifuniko huuzuia. Hakuna fundo, na upapi unapata nafasi kidogo ya kucheza. Nafasi hiyo ni ya lazima: upapi mrefu kupita kiasi hukunja tanga, na mfupi kupita kiasi hugeuka nyundo.

Wachina walikuwa wamekwenda mbali zaidi karne nyingi kabla. Matanga ya majahazi yao yana mianzi inayopita kutoka ukingo hadi ukingo, imefungwa kwa nje na kitambaa, haikufichwa mfukoni. Kitambaa kikichanika katikati, mianzi hubaki imeshikilia vipande, na chombo kinaendelea kwenda. Katika karne ya 19 wapenzi wa mitumbwi ya tanga Uingereza waliiga mbinu hiyo.

Pwani ya Waswahili ilichukua njia tofauti, nayo haikuhitaji kijiti hata kimoja. Tanga la ngalawa au la mashua huning'inia kwenye foromali, mti unaobeba tanga mlingotini, na ukingo wa tanga umezungushiwa dasi, kamba iliyoshonewa pindoni ili ibebe mvuto ambao kitambaa peke yake kisingeuweza. Demani ikikazwa, ukingo wa nyuma unanyooka kwa mvuto wenyewe, kwa kuwa hakuna kitambaa cha ziada kilichotokeza. Tena, chombo kinapogeuza, foromali na tanga huhamishwa kuzunguka mbele ya mlingoti. Papi zingenasa hapo na kuvunjika. Ukosefu wa papi katika tanga hili ni ufundi uliokamilika.

Masasi iko mbali na bahari, kiasi cha kilomita 200 kutoka Mtwara, lakini nayo ina kumbukumbu yake ya chombo kidogo cha tanga. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, aliongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar kupitia Lindi, akawaacha Masasi. Kasisi Chauncy Maples alihudumu hapo. Baada ya shambulio la Wangoni la 1882 alihamia Newala, kwa mtawala Matola, na baadaye kisiwani Likoma, Ziwa Nyasa. Mwaka 1895 aliwekwa wakfu London kuwa askofu. Tarehe 2 Septemba mwaka huo huo, akirudi kwa watu wake, chombo chake cha tanga kilipinduliwa na dhoruba ziwani, naye akafa maji. Husemwa kwamba kanzu yake ndefu ndiyo iliyomzamisha.

Mwera, upepo wa kusini-mashariki wa ziwa lile, hauna huruma kwa chombo kidogo. Unapoanza kuvuma, tanga linatakiwa lipunguzwe au lishuke mara moja. Upapi uliochomoka nusu hunasa kwenye kamba za mlingoti na kulizuia tanga katikati, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo ukaguzi hufanyika ufukweni, kabla ya kutweka. Kila mfuko huvutwa kwa mkono, kila mshono wa mwisho huangaliwa kwenye mwanga. Chombo kikirudi kutoka baharini, tanga husuuzwa kwa maji baridi, kwa sababu chembe za chumvi hukata uzi, kisha hukunjwa sambamba na papi ili zisipinde. Kama litakaa siku nyingi, papi huchomolewa. Ncha zake hupapaswa kwa kidole. Iliyochongoka hupigwa msasa na kuzungushiwa utepe mpya kabla ya kurudishwa mfukoni.