Miezi Sita ya Mstaafu: Soko la Bima ya Ziada Marekani

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, televisheni za Marekani hujaa matangazo ya bima ya afya ya wazee. Wengi hudhani huo ndio msimu wa kununua bima ya aina yoyote. Dhana hiyo inaponza.

Medicare, bima ya serikali kwa waliotimiza miaka 65, ilianzishwa mwaka 1965 na hailipi kila kitu. Chukua mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dripu bila kulazwa, kwa gharama ya dola 40,000. Mwaka 2025 alitakiwa kutanguliza dola 257, kisha alipe asilimia 20 ya iliyobaki, yaani karibu dola 8,000. Kikomo hakuna.

Pengo hilo huzibwa na Medigap, bima ya ziada inayouzwa na kampuni binafsi. Tangu mwaka 1992, katika majimbo karibu yote, sheria inazitaka kampuni ziuze mafungu yaliyo sawa, kila fungu kwa herufi yake. Fungu G ni lile lile popote unaponunua: mgonjwa wetu angelipa zile dola 257, basi. Kinachotofautiana ni bei, na hapo mstaafu ambane wakala amweleze itapandaje. Baadhi ya kampuni hutoza wateja wote kiwango kimoja, nyingine huangalia umri wa siku ya kununua, nyingine huongeza kadiri mtu anavyozeeka. Hizi za mwisho huvutia ukiwa na 65 na kukukamua ukifika 80.

Hata hivyo, muda una uzito kuliko bei. Ukishatimiza miaka 65 na kujiunga na Sehemu B ya Medicare, inayolipia madaktari, una miezi sita ambayo hakuna kampuni inayoruhusiwa kukukataa kwa sababu ya kisukari au moyo, wala kukuongezea bei. Ikipita, katika majimbo mengi kampuni hupekua historia ya maradhi yako na inaweza kukunyima. New York na Connecticut ni miongoni mwa machache yanayokulinda wakati wote.

Matangazo ya Oktoba yanahusu bima ya dawa na Medicare Advantage, mbadala wa Medicare ya kawaida unaoendeshwa na kampuni binafsi, ambayo mara nyingi haina ada ya ziada na sasa ina zaidi ya nusu ya wanaostahili. Gharama zake za mwaka zina kikomo, lakini hukufunga kwenye hospitali zake na kudai kibali kabla ya tiba nyingi. Anayeingia akiwa mzima, akaugua miaka kadhaa baadaye na kutaka Medigap, mara nyingi hukataliwa. Ndiyo maana nashauri mwenye uwezo aanze na Medigap.

Watanzania, Wakenya na Wakongo waliozeekea huko wana jambo lao. Medicare hailipii matibabu ya Tanga wala Mombasa. Fungu G hulipa asilimia 80 ya dharura za nje ya Marekani baada ya wewe kutanguliza dola 250, mwisho dola 50,000 maishani, na dharura yenyewe iwe imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari. Anayekwenda kukaa nyumbani miezi mitano akate bima nyingine kabla ya kukata tiketi.