Alama Moja katika Fomu ya Kliniki

Mama humshusha mtoto mgongoni na kumweka kwenye mizani. Mhudumu husoma uzito, huweka nukta katika kadi, humchanja mtoto ikiwa siku yake imewadia, kisha humwita anayefuata. Lakini kwa kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kazi hiyo bado haijakamilika. Ipo fomu ya utimizaji wa masharti, na jina la mtoto lisipowekewa alama humo, ruzuku ya kaya huweza kupunguzwa, ingawa mtoto alifika na kupimwa.

Mpango huu wa Tanzania, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulianza mwaka 2012, na awamu ya pili ikazinduliwa mwaka 2020. Majina ya walengwa hujadiliwa katika mkutano wa kijiji, mtaa au shehia, kisha hali ya kila kaya huhakikiwa kwa dodoso. Katika awamu ya kwanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, na ile iliyowapeleka kliniki watoto wa chini ya miaka 5 iliongezewa 4,000 nyingine. Kwa nyongeza zote, pamoja na za shule, kaya haikupata zaidi ya 38,000 kwa mwezi. Fedha hizi ni kidogo, na ndiyo sababu kukatwa sehemu yake huonekana upesi jikoni.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2010, utaratibu huu ulijaribiwa katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Tathmini ilionesha kuwa kaya zilizopokea ruzuku zilijiunga kwa wingi na Mfuko wa Afya ya Jamii. Mahudhurio ya kliniki yalipanda mwanzoni, kisha yakashuka. Anayehesabu mahudhurio peke yake angedhani mpango umeshindwa, kumbe watoto wadogo walikuwa wakiugua siku chache zaidi. Tena kaya hizo ziliwanunulia watoto viatu. Hakuna sharti lililowaagiza wazazi kufanya hivyo. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu iliyo peku, hufyonza damu na kumwachia mtoto upungufu wa damu. Mzazi aliyenunua kandambili alifanya kazi ya kinga ambayo sisi wenye makoti meupe huisisitiza kila siku kwa maneno matupu.

Kwa hiyo sharti la kliniki linamhusu mhudumu sawasawa na mama. Fomu ijazwe siku ile ile, mtoto akiwa bado mbele yake, si mwisho wa mwezi kwa kukumbuka sura. Chanjo ikikosekana, au kituo kikifungwa siku ya kliniki, jambo hilo liandikwe wazi: ni dhuluma kumtoza mama gharama ya bohari tupu. Mzazi naye ana haki ya kuuliza kama alama imewekwa. Akiona malipo yamepungua bila sababu, aende kwa kamati ya jamii ya usimamizi au kwa ofisa mtendaji akiwa na kadi ya mtoto mkononi.

Wako wanaodhani kuwa kutokuwemo katika orodha ya TASAF kunamnyima mtoto matibabu ya bure. Sivyo. Msamaha wa malipo kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza umo katika Sera ya Afya, na hautegemei ruzuku.

Mwenye taabu zaidi ni mama aliyekwenda kujifungulia kwao. Fomu imebaki katika kituo cha kijiji cha mumewe, naye anahudhuria kliniki kwingine. Mhudumu wa huko hana pa kuweka alama; lakini anaweza kuandika tarehe na jina la kituo katika kadi kwa hati inayosomeka na kugonga mhuri, ili mama atakaporudi awe na cha kuonesha.