Kontena Moja, Siku Ngapi?

Tuseme kontena limeshushwa Kilindini, bandari ya Mombasa, Jumatatu saa nne usiku. Forodha wakaliachilia Alhamisi saa nne asubuhi, na Ijumaa saa hiyohiyo lori likatoka nalo getini. Limekaa bandarini siku ngapi? Anayehesabu tarehe atasema tano. Anayetoa tarehe ya kwanza katika ya mwisho atapata nne. Anayehesabu saa ana 84, yaani siku tatu na nusu. Na wa forodha, ambaye kazi yake iliishia Alhamisi, atakuapia kuwa ni saa 60 tu. Hakuna aliyedanganya.

Mombasa hesabu hizi zina fedha ndani yake, na kila mmoja ana mfumo wake. Mamlaka ya Ushuru ilianza na Simba mwaka 2005, Mamlaka ya Bandari ikaja na KWATOS mwaka 2008, kisha shirika la serikali la KenTrade, lililoundwa 2011, likaleta TradeNet. Kulitambua kontena si taabu: namba yake ina herufi nne na tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kukagua zilizotangulia, na ni ileile kila mahali. Taabu ni matukio. Kontena "limetoka" lini: lilipoachiliwa, lilipopakiwa, au lilipovuka geti? La futi 40, kwa mwenye kreni, ni moja. Kwenye takwimu za TEU, zinazohesabu kwa kipimo cha kontena la futi 20, ni mawili. Hata siku yenyewe ina utata. Mji wa Kale usiku wa Ijumaa huingia Alhamisi magharibi. Kompyuta husubiri saa sita usiku.

Wahandisi wa programu waliyajua haya mapema, maana hata vyombo vya kupimia programu havipatani: kimoja huhesabu mistari mitupu na maelezo ya pembeni, kingine huiruka, na vyote huita jibu lao "idadi ya mistari". Ndipo wengine wakageukia ontolojia, maelezo rasmi ambayo mashine inaweza kuyasoma: kuna vitu gani, vinahusianaje, na kanuni zipi haziwezi kuvunjwa. Lugha moja ya kuyaandikia, OWL, ilipitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2004.

Kwa kontena letu, ontolojia ingesema: kushushwa ni tukio, kuachiliwa ni tukio, kuvuka geti ni tukio, kila tukio lina wakati mmoja, muda wa kukaa bandarini huanzia la kwanza na kuishia la tatu. Mfumo wa forodha unabaki na majina yake, ila unatamka kuwa "mwisho" wake ni tukio la pili. Programu ya kuunganisha haitachanganya tena 60 na 84. Na mzigo ulioachiliwa kabla meli haijafunga gati, jambo linalowezekana nyaraka zikiwahi, hautazaa siku hasi zinazoharibu wastani kimyakimya.

Mombasa msingi upo. Mamlaka ya Uratibu wa Ukanda wa Kaskazini, yenye makao hapa na nchi wanachama sita, hutenganisha muda wa kukaa bandarini, muda wa forodha na ucheleweshaji baada ya kuachiliwa. Nionavyo, hiyo ndiyo kazi ngumu. Kuiandikia mashine ni rahisi zaidi. Nani alipie zile saa 24 za mwisho, mwenye mali, wakala au mwenye lori, hilo bado huamuliwa mezani, na mara nyingi kwa sauti ya juu.