Chema chajiuza, lakini kwa jina la nani? Nembo na mkulima mdogo wa Chanika

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la leo la Dar es Salaam msemo huo una upungufu mmoja. Chema kinaweza kujiuza mara ya kwanza, lakini mteja akitaka kurudi, ni lazima ajue anarudi kwa nani.

Hapo ndipo wanapokwama wasindikaji wengi wadogo wa pembezoni mwa jiji, wakiwamo wa Chanika, kata iliyo mbele ya Pugu katika Wilaya ya Ilala. Muhogo unastawi katika udongo wa kichanga wa ukanda huo, na kinachobaki baada ya kuuza mibichi husagwa kuwa unga. Wengine hukaanga karanga, hufunga asali au hukausha maembe.

Bidhaa hizo hufungwa katika mifuko myeupe isiyo na maandishi. Zikifika dukani huwekwa pamoja na za wengine, na mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha. Mara nyingi mfanyabiashara wa kati hununua kwa kiroba, akapima upya kwa kilo na kubandika lebo yake. Mwenye sifa anakuwa yeye, na kikundi kilichomenya, kukausha na kusaga kinabaki kupokea bei anayoipanga mwingine.

Kiuchumi, nembo ni njia ya kuirudisha sifa hiyo kwa aliyeitolea jasho.

Nembo nzuri ni ipi?

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kutaka kuchora kila kitu. Utakuta nembo moja ina jembe, kuku, jua, mikono inayoshikana, ramani ya Tanzania na jina lenye maneno saba. Ikipunguzwa kutosha kwenye pakiti ya nusu kilo, kinachoonekana ni doa tu.

Nembo inayofanya kazi ina kitu kimoja. Kikundi cha unga kinaweza kuchagua kinu na mchi, au jani la muhogo ambalo kwa umbo lake la vidole hutambulika hata na mtoto. Kigezo chepesi ni kumwonyesha mchoro mtu asiye mwanakikundi kwa muda mfupi, kisha kuuficha na kumtaka aeleze alichokiona. Akishindwa, mchoro urudi kwa mchoraji.

Kigezo cha pili ni rangi. Nembo ichorwe kwanza kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu itapigwa kwenye mhuri, itatolewa fotokopi na kuchapwa kwenye viroba. Katika uchapaji wa viroba na lebo, kila rangi inayoongezwa huongeza gharama. Rangi mbili zinatosha.

Alama kama simba, twiga na Mlima Kilimanjaro zinapendeza, lakini zimetumiwa na wengi mno kiasi kwamba hazimtofautishi mtu. Ngao ya Taifa na Bendera ya Taifa zisiguswe kabisa, kwa kuwa matumizi yake yanalindwa na sheria. Vilevile alama ya ubora ya TBS haichorwi kwenye lebo hadi shirika hilo litoe leseni kwa bidhaa husika.

Jina la biashara si alama ya biashara

Wajasiriamali wengi wakishapata cheti cha jina la biashara hudhani nembo yao nayo imelindwa. Sivyo. Jina la biashara na alama ya biashara husajiliwa kwa sheria tofauti, ingawa kwa Tanzania Bara vyote hushughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), iliyoanzishwa mwaka 1999.

Alama husajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Maombi yakikubaliwa hutangazwa, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi.

Mwombaji hutakiwa kutaja daraja la bidhaa, na hapa wakulima hukosea mara kwa mara. Kwa mpangilio wa kimataifa, unga na asali viko daraja la 30. Mayai na matunda yaliyokaushwa yako daraja la 29. Matunda mabichi, mboga mbichi na kuku hai viko daraja la 31. Kikundi kinachouza maembe mabichi na ya kukausha kwa nembo ile ile kinahitaji madaraja mawili.

Jina nalo lina masharti. Maneno kama “Unga Bora wa Muhogo” yanaielezea bidhaa yenyewe, na si rahisi mtu mmoja kuruhusiwa kuyamiliki peke yake. Hali ni hiyo hiyo kwa jina la mahali likisimama peke yake, kwa kuwa wakazi wote wa Chanika wana haki ya kulitaja.

Mwenye ndoto ya kuuza Unguja na Pemba akumbuke kuwa usajili wa Bara hauvuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili.

Anayechelewa hulia

Athari za kuchelewa zimeonekana katika mambo makubwa kuliko kiroba cha unga. Maneno “Hakuna Matata”, ambayo kila Mswahili huyatamka bila kulipa senti, yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 na kampuni ya Disney kuwa alama yake kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulipinga jambo hilo, miaka 15 baada ya usajili.

Ethiopia ilichukua njia nyingine. Mwaka 2005 ilianza kuomba usajili nchini Marekani wa majina ya kahawa yake ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Baada ya mvutano, mwaka 2007 ilifikia makubaliano na kampuni ya Starbucks kuhusu matumizi ya majina hayo. Kahawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nafasi ya mwenye mali mezani.

Hesabu ya gharama

Tuseme kikundi kinatumia jumla ya shilingi 300,000 kumlipa mchoraji na kusajili, na kinauza pakiti 500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pakiti 6,000, hivyo kila pakiti inabeba shilingi 50. Gharama hiyo ikigawanywa kwa miaka saba ya usajili inakuwa takribani shilingi saba kwa pakiti. Kikundi kikiweza kuongeza shilingi 100 tu kwenye bei kwa sababu mteja anakifahamu, fedha hiyo inarudi baada ya pakiti 3,000, yaani miezi sita.

Hata hivyo, hesabu hiyo inakubali tu kama unga ni mzuri. Nembo hubeba sifa mbaya kwa kasi ile ile inayobeba nzuri. Unga wenye mchanga au uvundo ukiuzwa bila jina, hasara ni ya siku moja. Ukiuzwa kwa nembo, mteja atakumbuka asinunue tena. Usafi na ukaushaji vitangulie, kisha zifuate taratibu za TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usajili wa vyakula. Ofisi za SIDO husaidia wajasiriamali wadogo kuzifikia taratibu hizo.

Nembo ni mali ya nani?

Jambo linalovunja vikundi vingi si mchoro, bali umiliki wake. Mwenyekiti husajili kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye mwenye muda wa kufuatilia. Siku akitofautiana na wenzake huondoka na nembo, na wanaobaki hujikuta wakikatazwa kutumia alama waliyoijenga kwa miaka.

Dawa yake ni karatasi tatu. Ya kwanza ni makubaliano ya maandishi kuwa mchoraji, akishalipwa, amekabidhi haki zote za mchoro. Ya pili ni maombi ya usajili kwa jina la chombo kinachotambulika kisheria, si la mtu mmoja. Ya tatu ni kifungu cha katiba kinachoeleza nani ataruhusiwa kutumia nembo, kwa unga wa kiwango gani, na itakuwaje kikundi kikivunjika.

Karatasi hizo ziandikwe mapema, wakati wanakikundi bado wanaelewana na nembo haijaanza kuleta fedha. Zikianza kuingia, kila mmoja atakumbuka kuwa wazo la kinu na mchi lilikuwa lake.