Je, Wajua? Miale 192 Dhidi ya Uvimbe Mmoja

Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, jambo la kwanza linalomjia ni fuvu kupasuliwa. Kumbe upo upasuaji ambao daktari hashiki kisu kabisa. Huulenga uvimbe kwa mionzi kutoka pande nyingi, na mara nyingi mgonjwa hurudi kulala kwake usiku uleule. Haya hapa maajabu ya siku hiyo, na ya miezi inayoifuata.

Mwale mmoja peke yake ni mnyonge

Mashine ya Gamma Knife ya toleo lililoanza mwaka 2006 ina vyanzo 192 vya kobalti-60. Kila kimoja hutoa mwale mwembamba, dhaifu kiasi cha kupenya ubongo bila kuacha dhara la maana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miale yote ikikutana kwenye nukta moja, hapo ndipo uvimbe unapopata kipigo. Milimita chache tu pembeni, nguvu hiyo imeshashuka sana, na ndiyo maana madaktari huthubutu kutibu uvimbe ulio jirani na neva ya jicho au ya sikio.

Mgonjwa yu macho, na wengine husinzia

Mionzi haina sauti, haina joto, wala haiumi. Mgonjwa husikia kitanda kikisogea kidogo kidogo na muziki aliouchagua mwenyewe, huku wahudumu wakimwangalia kwa kamera na kuzungumza naye kwa kipaza sauti. Kazi hiyo huweza kumalizika chini ya saa moja au kuchukua saa kadhaa, kulingana na umbo la uvimbe na idadi yake.

Sehemu ngumu ni ya asubuhi

Kabla ya mionzi, fremu ya chuma chepesi hukazwa kwenye fuvu kwa skrubu nne: mbili kwenye paji la uso, mbili kisogoni. Sindano za ganzi huchoma kwa muda mfupi, kisha inabaki hali ya kubanwa kichwa inayopoa baada ya dakika chache. Nywele hazinyolewi, na fremu ikivuliwa jioni hubaki vidonda vidogo vinne vya kutiwa plasta. Usumbufu huo una faida kubwa: kichwa kisipocheza, mionzi hulenga kwa usahihi ulio chini ya milimita moja.

Maji ya shaba hutoa anwani ya uvimbe

Mgonjwa akienda kupigwa picha ya MRI, fremu huvishwa kisanduku chenye mifereji myembamba iliyopangwa kwa umbo la herufi N. Ndani yake mna maji yenye salfeti ya shaba, nayo hung'aa kama vitone pembeni mwa kila picha. Kwa kupima umbali kati ya vitone hivyo, kompyuta hujua kila sehemu ya ubongo iko wapi hasa. Baada ya hapo daktari bingwa wa ubongo, daktari wa mionzi na mtaalamu wa fizikia tiba huketi pamoja kuchora mpango, mgonjwa akisubiri, pengine akinywa chai.

Mashine ilizaliwa kabla ya picha

Daktari Msweden Lars Leksell alitangaza wazo la upasuaji wa mionzi mwaka 1951. Gamma Knife yake ya kwanza, yenye vyanzo 179 vya kobalti, ilianza kutibu watu Stockholm mwaka 1968. Mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa picha ya ubongo kwa CT alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971! Kabla ya hapo, madaktari waliingiza hewa kwenye mianya ya ubongo ili ionekane kwenye eksirei, kisha wakakadiria shabaha kutokana na kivuli chake. CT na MRI zilipofika, tiba ya Leksell ilipata macho.

Siku hizi ncha ya pua inaweza kuwa mlinzi

Toleo la Gamma Knife la mwaka 2015 huruhusu baadhi ya wagonjwa kuepuka skrubu. Badala yake huvaa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa joto na kufinyangwa kwa sura ya uso wa mhusika. Alama ndogo hubandikwa kwenye ncha ya pua, na kamera huitazama bila kupepesa. Pua ikisogea kupita kiwango kilichowekwa, mionzi hukatika yenyewe hadi mgonjwa atulie.

Mkono wa kiwandani umeingia hospitalini

John Adler, daktari Mmarekani aliyejifunza kwa Leksell, alibuni CyberKnife, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1994. Mashine hii huning'iniza mtambo wa mionzi kwenye mkono wa roboti wa aina inayotumika kuunda magari. Mkono huzunguka mwili ukipiga kutoka pembe nyingi, huku picha za eksirei zikihakikisha shabaha haijahama. Nchini Kenya, Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo.

Kobalti huzeeka, na kitanda hukaliwa zaidi

Nguvu ya kobalti-60 iliyo ndani ya Gamma Knife hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi. Tiba inayochukua dakika 30 kobalti ikiwa mpya itahitaji dakika 60 ikifikia umri huo. Dozi haibadiliki, muda ndio unaorefuka. Basi wagonjwa wawili wenye uvimbe unaofanana wanaweza kulala kitandani kwa muda tofauti, na hakuna aliyepunjwa.

Anayetoka hana mionzi ya kuambukiza

Miale hupita na kwisha, haibaki mwilini. Mgonjwa anaweza kumkumbatia mtoto wake mchanga jioni ileile. Anachoweza kubaki nacho kwa muda ni uchovu, kichwa kuuma au kichefuchefu, na daktari humweleza dalili zipi zimrudishe hospitalini haraka.

Uvimbe ulioshindwa unaweza kuvimba kwanza

Mionzi huharibu DNA, na seli huanguka pale zinapojaribu kugawanyika. Uvimbe unaokua polepole, kama ule usio wa saratani unaoota kwenye neva ya kusikia na ya kumwezesha mtu kusimama sawasawa, huchukua miezi mingi kuonyesha matokeo. Katika mwaka wa kwanza na zaidi huweza kuvimba kabla ya kunywea. Mgonjwa aliyeelezwa hili mapema haisomi picha ya miezi sita kwa hofu ya bure.

Ushindi mara nyingi huitwa "haujabadilika"

Uvimbe huo wa neva ya kusikia hudhibitiwa kwa miaka mingi kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100, hata kama mabaki yake yanaonekana kwenye picha maisha yote. Tiba hii si ya kila mtu: uvimbe unaozidi sentimita 3 hivi, au unaoukandamiza ubongo, kwa kawaida bado unahitaji kisu. Lakini kwa anayefaa, barua ya daktari inayosema mwaka baada ya mwaka kwamba uvimbe uko vilevile ni habari njema kamili. Kilichotibiwa kimekoma kukua, naye aliyetibiwa anaendelea na kazi zake.