Kuchapisha Ini Si Kazi, Kazi ni Kulilisha

Aprili 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha moyo uliotoka kwenye printa, mdogo kama wa sungura, uliotengenezwa kwa seli za binadamu. Picha zilizunguka dunia nzima. Wachache walisoma hadi mwisho wa habari: seli ziliweza kujikunja, ila hazikudunda kwa pamoja, na moyo haukusukuma damu.

Printa yenyewe haina miujiza. Badala ya wino hubeba seli hai ndani ya jeli, mara nyingi alginati, inayotokana na mwani wa kahawia. Sindano huchora mstari juu ya mstari, ukitia maji yenye kalsiamu, uji ule huganda papo hapo.

Shida huanza kipande kinaponenepa. Mwilini, seli nyingi haziko mbali na mshipa wa damu zaidi ya moja ya tano ya milimita, maana oksijeni haipenyi mbali zaidi ya hapo. Chapisha ini nene kama kidole bila mishipa, katikati patakufa. Ndiyo maana kibofu, chenye ukuta mwembamba, kilitangulia: mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake waliripoti wagonjwa 7 waliowekewa vibofu vilivyooteshwa kwa seli zao wenyewe, bila printa. Hata hivyo, jaribio jingine lililoripotiwa 2014 halikuleta nafuu iliyotarajiwa.

Jibu ninalolipenda ni la 2012, la Jordan Miller na wenzake wa University of Pennsylvania. Walianza na mishipa, tena wakaichapisha kwa sukari: kimiani kigumu kama peremende. Wakakipaka utando mwembamba wa plastiki inayooza mwilini, sukari isije ikaingilia seli, kisha wakamimina jeli yenye seli juu yake. Sukari ikayeyuka ikatoka, ikaacha mifereji. Wakaitandika seli za mishipa, wakapitisha damu. Seli za ini la panya zilizokuwa karibu na mifereji hiyo zilifanya kazi vizuri kuliko zilizofungiwa kwenye jeli tupu.

Lakini mishipa midogo kabisa haifikii upana wa moja ya mia ya milimita, na sindano ya sukari haifiki huko. Hiyo lazima seli zenyewe ziichipushe kutoka kwenye mifereji mikubwa, kabla jirani zao hawajafa kwa kukosa hewa.